Mvumo wa Gredi ya Nane

Mara ya kwanza Mwalimu Rebeccah kuusikia ule mvumo alidhani ni lori la majani chai linapanda mlima kwa gia nzito. Alikuwa katika chumba cha walimu akisahihisha insha, na hakuinua kichwa. Lakini lori halikufika juu, wala halikupita. Alipotazama, akaona wenzake wameacha kazi zao na kugeukia dirisha linaloelekea Gredi ya Nane.

"Ni hao," alisema Metrine, aliyefundisha gredi za chini. "Wanamvumia mgeni."

Rebeccah aliweka kalamu chini, akavuta sweta lake vizuri mabegani, akavuka uwanja uliolowa umande. Hakuwa na haraka. Alipofika mlangoni hakusema neno. Alisimama tu, na mvumo ukakatika kama redio iliyozimwa. Macho yote yalikuwa kwenye madaftari. Hapo ndipo alipoelewa walichokuwa wakifanya. Walikuwa wanavuma kwa pua, midomo imefungwa, kiasi kwamba hata ukimtazama mtoto usoni huwezi kusema ni yeye.

Mwalimu Eugene Muchiri alikuwa amesimama ubaoni na chaki mkononi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai ng'ambo ya ua, lakini shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Kuna shida, Mwalimu?" aliuliza Rebeccah.

"Hapana, Madam. Tunaendelea."

Alikaa pale mlangoni kidogo, akarudi zake. Darasa halikutoa sauti tena hadi kipindi kilipoisha. Wakati wa chai ya saa nne Eugene alimfuata alipokuwa ameketi, akamshukuru kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Ni kitu kidogo," Rebeccah alimwambia, na siku hiyo aliamini hivyo.

Shule yao ilikuwa nje kidogo ya Kiptere, mahali ambapo barabara ya lami inaisha na ya muramu inaanza. Walimu wapya hawakukaa. Aliyemtangulia Eugene katika hisabati aliondoka kabla ya likizo ya Agosti na kwenda kuuza simu Bomet. Aliyemtangulia huyo alienda likizo ya Krismasi, akapiga simu Januari kusema hatarudi. Kwa hivyo Eugene alipofika mwanzoni mwa muhula wa pili, Mwalimu Mkuu, Bwana Kipkurui, alimwita Rebeccah ofisini kabla hata kijana hajaonyeshwa meza yake.

"Huyu tusimpoteze," alisema. "Madam, wewe ndiye mkubwa hapa. Watoto wanakuheshimu. Mshike mkono."

Rebeccah alikubali kwa moyo. Alikuwa amebakiza miaka michache tu kustaafu, watoto wake wote walikuwa wameshaondoka nyumbani, na kijana mwenyewe alimpendeza tangu siku ya kwanza. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na alizoea kuinama kidogo akizungumza na mtu mfupi. Mama yake, Bilhah, alikuwa na duka la nguo Kaplong. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka Murang'a kufanya biashara, familia ikabaki hapo Kaplong. Eugene alikulia hapo akicheza na watoto wa Kikipsigis, na lugha yao aliijua, ingawa ilitoka mdomoni mwake na lafudhi ya kwao Murang'a.

Na hapo ndipo mambo yalipoanzia, kama kweli yalikuwa na mahali pa kuanzia. Siku yake ya kwanza Eugene aliingia Gredi ya Nane akawasalimu kwa Kikipsigis. Alitaka wajue kwamba yeye si mgeni kabisa. Darasa lilicheka. Halikuwa cheko la ubaya, ni vile walishtuka. Lakini wiki yote iliyofuata kila alipopita uwanjani, nyuma yake mtu alitoa salamu ile ile akiiga sauti yake. Alipogeuka, aliona watoto wanatembea tu. Akaacha kusalimu. Wao nao wakagundua kwamba wanaweza kumfanya aache kitu. Wiki iliyofuata mvumo ukaanza.

Rebeccah alimpa kila alichojua. Alimwambia ajifunze majina yao yote, kwa sababu mtoto anayeitwa kwa jina huwa ameshikwa. Alimwambia asisimame mbele muda wote, apite katikati ya madeski. Alimwambia akiingia wakute kazi iko ubaoni tayari, wasipate nafasi ya kukaa bure. Eugene alifanya yote. Majina aliyajua kwa siku mbili. Akipita katikati ya madeski mvumo ulinyamaza pale alipokuwa na kuendelea kule alikotoka, ukawa unamfuata kwa nyuma darasa zima.

"Labda nikae nyuma siku chache," Rebeccah alisema. "Nisifanye lolote. Wakuone tu unavyofundisha."

"Utaweza, Madam? Na vipindi vyako?"

"Nitapanga."

Alibeba kiti chake akaketi nyuma kabisa, karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika. Kwa mara ya kwanza akamwona Eugene akifundisha.

Siku hiyo somo lilikuwa nambari hasi. Eugene alichora ndoo inayoelea kwenye maji.

"Kila jiwe ninaloweka ndani," alisema, "ndoo inafanya nini?"

"Inazama kidogo."

"Basi jiwe ni hasi. Nikiongeza hasi, ninashuka. Sasa nikitoa jiwe moja, je?"

Walikaa kimya wakifikiri. Kisha msichana mmoja wa mbele, Priscah, akasema polepole, "Inapanda."

"Kwa hivyo kutoa hasi ni kufanya nini?"

"Ni kupanda," alisema Priscah, kisha akageuka kumtazama jirani yake kama mtu aliyepokonywa kitu na kurudishiwa.

Rebeccah alisoma hesabu hizo zamani kwa kukariri kwamba hasi na hasi huwa chanya. Alifika umri huu bila mtu kumwambia ni kwa nini. Aliketi kwenye kiti chake akajisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia darasani kwa muda mrefu, na akajiambia kwamba huyu, hata iweje, atabaki.

Alikaa nyuma ya darasa hilo wiki nzima, na wiki hiyo Gredi ya Nane ilikuwa darasa bora shuleni. Jumatatu iliyofuata alikuwa na vipindi vyake mwenyewe, hakwenda. Mvumo ulianza kabla Eugene hajamaliza kuandika tarehe. Na mara hii kulikuwa na jipya. Kutoka katikati ya darasa sauti iliuliza, kwa adabu kabisa, "Sir, leo Madam wako haji?"

Eugene alimsimulia hayo jioni, wakitembea kuelekea sokoni, ambako alipanga chumba nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga mahindi. Alisimulia akijaribu kucheka.

"Nani aliuliza?" alisema Rebeccah.

"Haidhuru, Madam. Ni swali la kweli."

Usoni mwake Rebeccah aliona kile ambacho angepaswa kukiona mapema. Kila mara aliposimama mlangoni na kuwanyamazisha, aliwafundisha watoto kwamba kimya kinatoka kwake. Kila siku aliyokaa nyuma aliwaonyesha kwamba mwalimu wao analindwa.

Basi akaamua kukaa mbali. Hilo lilikuwa gumu kuliko kwenda. Kipindi cha hisabati kikifika alijishughulisha na madaftari yake, mvumo ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, na ndani yake mara moja moja ikasikika sauti ya Eugene ikiendelea kueleza. Walimu wengine walimtazama.

"Si uende," alisema Metrine siku moja. "Ukisimama tu mlangoni watanyamaza."

"Najua."

"Sasa?"

"Nikienda leo, nitaenda kesho."

Metrine alitikisa kichwa, akaona pengine mama huyu amechoka na kijana. Rebeccah alishika kikombe chake cha chai kilichokwisha kupoa na kukaa.

Aliyekwenda ni Bwana Kipkurui. Alikuwa na wageni kutoka ofisi ya elimu siku hiyo, na aibu ilimshika. Alivuka uwanja kwa hatua ndefu, akaingia bila kupiga hodi. Hakuwaambia watoto lolote. Alimwambia Eugene, mbele yao, "Mwalimu, hii ni shule au ni soko?" Kisha akatoka. Darasa lilinyamaza, na Priscah alisimulia baadaye kwamba kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele, kwa sababu mwalimu aligeukia ubao akaandika zoezi lote bila kutazama nyuma hata mara moja, na mwandiko wake ulikuwa unapanda kwenda juu.

Jumamosi moja asubuhi, Rebeccah akiwa shambani kwake anachuna chai kabla lori la majani halijapita, bodaboda ilisimama barabarani. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani akashuka, ameshika kiondo chenye maparachichi.

"Wewe ndiye Mwalimu Rebeccah?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mimi ni Mama Eugene. Nimetoka Kaplong. Usiache kazi yako, tutaongea hapa hapa."

Bilhah aliweka kiondo chini, akaingia kwenye mstari wa pili akaanza naye kuchuna ili mikono isikae bure. Hakujua kuchuna. Aling'oa hata majani yaliyokomaa akayatia kikapuni na yale machanga, na Rebeccah hakumwambia kitu. Angeyatoa baadaye.

"Akija nyumbani Ijumaa, kazi yake ni kulala," Bilhah alisema. "Nikimpakulia anasema ameshiba. Ameshibia wapi? Na Jumapili, ikifika saa za kufunga mkoba, mikono inatetemeka. Nimeiona mimi. Mwalimu, niambie ukweli. Kuna mtu anamwonea huko?"

"Hapana, Mama Eugene. Hakuna mtu."

"Sasa ni nini?"

Rebeccah alichuna majani machache. Angemwambiaje mama kwamba mwanawe mrefu vile anashindwa na sauti inayotoka puani mwa watoto?

"Ni watoto," alisema mwishowe. "Wanamsumbua darasani."

"Watoto?" Bilhah alicheka kidogo. Kisha akaona mwenzake hacheki. "Watoto hawa wa miaka kumi na tatu?"

"Ndiyo."

"Na wewe unafanya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza daktari.

"Nimejaribu kila ninachojua."

Bilhah alitazama majani mkononi mwake. "Basi jaribu tena," alisema. "Kazi hii aliitaka tangu akiwa mdogo. Alikuwa akipanga viatu vyetu mlangoni anavifundisha. Sikumlazimisha mimi. Kama ningemlazimisha, leo ningejua cha kumwambia."

Alipoondoka, Rebeccah alibaki kwenye mistari ya chai bila kuchuna. Alikumbuka mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alikuwa mdogo, mwembamba, na darasa lake lilimdharau. Mwalimu mkongwe wa wakati huo alimwita kando, akampa fimbo ya mti mgumu aliyoichonga mwenyewe, akamwambia itamtosha. Ikamtosha. Fimbo zilipopigwa marufuku nusu ya kijiji ilikuwa imeshapita mikononi mwake, na watoto anaowafundisha leo walikuwa watoto wa hao. Waliinyamazia sauti yake kwa sababu baba zao waliinyamazia. Eugene alikuwa hajawahi kuinua mkono juu ya mtoto na hakutaka kuanza, na Rebeccah hakutaka aanze. Lakini alitambua, pale shambani, kwamba kile kitu kimoja kilichomsaidia yeye kubaki katika kazi hii hakuwa na njia ya kumpa kijana, na kingine hakuwa nacho.

Hata hivyo alijaribu tena, kama alivyoombwa. Jumatatu alikwenda kwa Bwana Kipkurui.

"Mpe Gredi ya Nne mwaka huu," alisema. "Wale wadogo watampenda. Apate nguvu, mwakani arudi kwa wakubwa."

"Na Gredi ya Nane nimpe nani? Madam, sina mtu." Bwana Kipkurui alisema hivyo bila ukali. Alikuwa amechoka, na juu ya meza yake kulikuwa na ratiba iliyofutwa na kuandikwa upya mara nyingi. "Mimi mwenyewe nafundisha madarasa mawili. Ningekuwa na mtu, unadhani ningekaa nikimwangalia akizama?"

Rebeccah alitoka akamwita Priscah, kwa sababu alikuwa kiranja na mwenye akili, wakakaa kando ya bomba la maji nyuma ya jiko.

"Mwalimu Eugene amewakosea nini?"

"Hakuna, Madam."

"Hamumpendi?"

Priscah alitazama viatu vyake. "Tunampenda. Anafundisha mpaka mtu anaelewa. Hata wavulana wanasema."

"Sasa mbona mnavuma?"

"Sijui, Madam."

"Nani huanza?"

"Hakuna mtu huanza. Inaanza tu. Ikishaanza, ukikaa bila kuvuma unaonekana unajifanya." Kisha akasema, "Mimi pia huvuma."

Rebeccah alikuwa amekuja akidhani atapata mtoto mmoja au wawili wabaya, awaite wazazi wao, mambo yaishe. Akabaki na msichana mzuri anayelia kimya kimya kando ya bomba la maji. Alimpa kitambaa akamwambia arudi darasani. Kwa siku tatu baada ya hapo Gredi ya Nane iliuacha mvumo. Siku ya nne mvua ya mawe ilipiga mabati kipindi cha Eugene kikiwa katikati, watoto wakapiga kelele na mvua, na mvua ilipokoma wao hawakukoma.

Ilikuwa mwezi wa saba, baada ya chakula cha mchana, Rebeccah alipomwona Eugene anavuka uwanja wakati wa kipindi. Hakuwa anakimbia. Aliingia katika chumba cha walimu, akaweka chaki ndani ya kikopo chake, akaketi. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ila Rebeccah. Nyuma yake mvumo ulikuwa bado unaendelea, na baada ya muda ukaanza kupungua wenyewe, ukayumba, ukaisha. Watoto walikuwa wameona kwamba mbele hakuna mtu.

Rebeccah aliinuka. Alitaka kwenda darasani, na alitaka kubaki. Akabaki.

"Niko sawa, Madam," Eugene alisema kabla hajaulizwa.

"Pumzika. Nitaenda kumalizia kipindi."

"Hapana. Nataka kwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nimekuja kwanza kukuambia wewe."

Rebeccah alijua anachotaka kusema, na moyo wake ukaanza kwenda mbio kama wa mtu anayeona mtoto akikaribia barabara.

"Kijana wangu, maliza muhula," alisema. "Zimebaki wiki chache. Likizo itakupa nguvu. Watoto hubadilika. Wakija muhula wa tatu utashangaa."

"Najua wanaweza kubadilika."

"Basi maliza tu huu."

Eugene alitazama mikono yake iliyojaa vumbi la chaki. "Leo nilikuwa nimesimama mbele yao," alisema, "nikamwona yule mdogo wa deski la mwisho, anayekuja bila sweta. Siku zote huwa namhurumia. Leo nilimwona anavuma, nikatamani alie. Nilitafuta neno la kumfanya alie, na nikalipata. Lilikuwa hapa mdomoni. Likabaki hapo hapo mdomoni, nikatoka."

Rebeccah aliketi kwenye kiti cha karibu naye.

"Nikimaliza muhula, Madam, nitakuwa nimejifunza kuwachukia. Sasa hivi bado siwachukii. Nataka niondoke nikiwa hivi."

Rebeccah alitafuta la kumwambia. Alikuwa na miaka mingi ya kazi, alikuwa amesimama mbele ya maelfu ya watoto na mamia ya wazazi, na siku zote alikuwa na la kusema. Sasa aliona tu kwamba kola ya shati la kijana ilikuwa imepindwa ndani upande mmoja. Akanyoosha mkono akaitengeneza. Eugene alimwacha aitengeneze, akainuka, akaenda ofisini.

Bwana Kipkurui alimsihi, akampa wiki moja ya kufikiri, kisha akaikubali barua yake. Ijumaa Eugene alifunga chumba chake cha Kiptere na kupanda gari la kwenda nyumbani. Hakuwaaga watoto. Baadaye Rebeccah alisikia kwamba amepata kazi Bomet, katika duka la mjomba wake la dawa za mifugo.

Hisabati ya Gredi ya Nane ikaangukia mikononi mwa Rebeccah kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili na dini. Aliingia na kitabu mkononi, na darasa likanyamaza. Lilinyamaza kipindi chote, kila kipindi, wiki baada ya wiki. Aliandika mifano ya kitabuni ubaoni, nao wakainakili. Alipouliza kama wameelewa walisema ndiyo. Aliposahihisha madaftari jioni aliona hawakuelewa kitu, na hakuna aliyekuwa akiuliza.

Muhula wa tatu Priscah alithubutu. "Madam, hii tatu ikivuka alama ya sawa, kwa nini inageuka kuwa hasi?"

"Ni kanuni," alisema Rebeccah.

Msichana aliandika hivyo. Lakini siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, alikuja mlangoni pa chumba cha walimu na wenzake watano au sita nyuma yake.

"Madam, tunaomba kama unaweza kumpigia Mwalimu Eugene. Tumuulize tu hilo swali moja."

Rebeccah aliwatazama, akatoa simu. Hakuwa amezungumza na Eugene tangu aondoke. Iliita kwa muda mrefu, kisha akaisikia sauti yake, na nyuma yake mtu anauliza dawa ya kupe.

"Madam. Habari za siku?"

"Nzuri, kijana wangu. Kuna watu hapa wana swali la hesabu."

"Waweke."

Walikaa barazani wameizunguka simu iliyowekwa juu ya ukuta mfupi. Priscah alisoma swali. Eugene akauliza, "Nani amekuambia inavuka?" Watoto wakacheka kwa aibu, na Rebeccah naye akacheka. "Hakuna kitu kinachovuka hapo. Chora mizani. Umeichora? Sasa upande wa kushoto toa tatu. Mizani imefanya nini?"

"Imeinama kulia."

"Ili ikae sawa?"

"Nitoe tatu kulia pia."

"Basi. Hiyo hasi yako ndiyo hiyo. Hukuvusha kitu, ulitoa pande zote mbili."

Priscah aliandika, daftari likiwa gotini. Mwingine akauliza swali lake, na mwingine. Wengine walitoka darasani wakaja wakasimama nyuma, na yule mdogo wa deski la mwisho akasogea mpaka karibu na simu akiwa ameziba sikio moja ili asikie vizuri. Eugene aliwajibu wote bila haraka. Walipomaliza walisema asante, Sir, kila mmoja kwa sauti yake.

Rebeccah aliichukua simu akaenda nayo pembeni, hadi kwenye ua wa nyuma. Alihisi kwamba kitu kimefunguka.

"Umewasikia?" alisema. "Wamekungoja wewe. Mwalimu Mkuu atakurudisha hata kesho, nitaongea naye mimi. Au hata simu tu, siku moja kwa wiki, kama hivi."

"Madam," Eugene alisema, "naomba usiwape simu tena."

"Kwa nini? Wamekupenda, Eugene. Walikupenda hata wakati ule."

"Najua." Rebeccah akasikia droo inafungwa upande ule. "Muda wote niliokuwa nikiwaeleza nilikuwa nangoja mvumo uanze. Kila waliponyamaza kufikiri, nilikuwa nangoja. Hata sasa mikono imelowa. Nina mteja hapa, sijui kama nitaweza kumpimia dawa."

"Pole, kijana wangu."

"Usijali, Madam. Wasalimie. Waambie wamefanya vizuri."

Alikata simu. Rebeccah alisimama pale kwenye ua. Chai ya jirani ilikuwa imepogolewa majuzi, shamba zima vijiti vitupu, na mwanamke mmoja alikuwa akikusanya matawi ya kuni katikati yake. Alijaribu kufikiria nani mwingine wa kumpigia simu, mtu yeyote anayejua la kufanya, na hakumpata.

Aliporudi barazani wengi walikuwa wameondoka. Priscah alikuwa bado yupo, ameshika daftari lake kifuani.

"Kesho tutampigia tena, Madam? Nimebaki na ukurasa mmoja."

"Ana kazi nyingi dukani."

"Siku nyingine basi."

"Hapana, Priscah. Amesema anawasalimia. Amesema mmefanya vizuri."

Msichana alimtazama. Hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa urahisi.

"Ni sisi, Madam?"

Rebeccah alifungua mdomo kusema hapana, na hapana haikutoka. Akataka kusema ndiyo, akamwona alivyo mdogo, na daftari lenye mizani iliyochorwa kwa kalamu ya risasi. Mkono wake uliinuka kidogo, hakujua wa kufanya nini, ukarudi chini.

"Lete huo ukurasa," alisema. "Tutauangalia pamoja."

Waliketi kwenye ukuta mfupi, daftari katikati yao. Rebeccah alisoma hesabu ya kwanza, akairudia, akairudia tena, na Priscah akangoja kwa adabu, kimya kabisa, hadi mapumziko yakaisha.